Mita yetu inasoma gesi pungufu kuliko bili: je, ni sahani ya orifisi imechakaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa vifaa vya vipimo katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Tunachoma gesi asilia kwenye boila mbili. Msambazaji ana mita yake getini, na sisi tuna yetu ya sahani ya orifisi karibu na boila. Bomba ni la inchi 4, tundu la sahani milimita 51.13, presha bar 4 kwenye geji, na gesi ina nyuzi 30. Mzigo ukitulia, transmita inaonyesha tofauti ya presha milibari 100, na kompyuta yetu inasoma mita za ujazo 1,430 kwa saa. Muda huohuo mita ya msambazaji inasoma 1,690. Usiku, boila moja ikibaki kwenye moto mdogo, namba zetu hazieleweki kabisa. Tumebadilisha sahani mara mbili, hakuna kilichobadilika. Bosi anasema tunaibiwa. Je, ni sahani, ni transmita, au ni kweli?

Jibu: Marahaba, fundi. Sahani iache ilipo. Na bosi mwombe awe na subira kidogo, kwa sababu namba ulizoniletea zinajieleza zenyewe. Umebadilisha sahani mara mbili na pengo likabaki vilevile mzigo ukiwa uleule. Wizi hauna asilimia maalumu, wala ukingo uliochakaa hauhamii kwenye sahani mpya. Pengo lisiloguswa na sahani mpya mara nyingi limekaa kwenye hesabu.

Nianze na jambo ambalo mafundi wengi hulikubali kwa mdomo lakini hulisahau wakishika bisibisi. Sahani ya orifisi haipimi gesi. Ni kipande cha chuma cha pua chenye tundu katikati, kimebanwa kati ya flanji mbili. Gesi ikipita kwenye tundu inalazimika kuongeza kasi, presha yake inashuka, na transmita inasoma tofauti ya presha ya kabla na ya baada. Basi, kazi ya sahani imeishia hapo. Kuna gesi kiasi gani katika kila mita ya ujazo inayopita, ni nzito au nyepesi, imebanwa au imelegea, hayo yote sahani haiyajui. Unaiambia wewe, kwenye ile kompyuta ya mtiririko. Ukiiambia uongo, itakujibu uongo kwa desimali tatu.

Hesabu yenyewe, ukiondoa mapambo, ni hii:

kilo kwa sekunde = C × ε × A × √(2 × Δp × ρ) ÷ √(1 − β⁴)

A ni eneo la tundu, Δp ni tofauti ya presha kwa paskali, ρ ni densiti ya gesi kabla ya sahani, na β ni kipenyo cha tundu ukigawa kwa kipenyo cha ndani cha bomba. Bomba lako la inchi 4, kama ni la ukuta wa kawaida wa skejuli 40, lina kipenyo cha ndani milimita 102.26, kwa hiyo β yako ni 0.5 kamili. Aliyechora mfumo wenu alijua anachofanya.

C, namba ya kurekebisha kujibana kwa mkondo, ndiyo hushangaza wanafunzi. Kwa sahani yako ni 0.604. Maana yake, gesi inayopita ni kama asilimia 60 tu ya ile ambayo ungeikadiria kwa kuangalia ukubwa wa tundu peke yake. Sababu ni kwamba gesi iliyoko pembeni mwa bomba hukimbilia tundu kwa mshazari, na ikifika ukingoni haiwezi kukunja kona ya ghafla. Inaendelea kujibana hata baada ya kupita tundu, na sehemu nyembamba kuliko zote ya mkondo iko hatua chache mbele ya sahani. Ndiyo maana ukingo wa upande wa kuingilia lazima uwe mkali kama kisu kipya: ukali huo ndio unaohakikisha mkondo unajibana kiasi kilekile siku zote. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5167 kinataka mviringo wa ukingo usizidi 0.0004 ya kipenyo cha tundu. Kwako hiyo ni kama milimita 0.02, nyembamba kuliko unywele.

ε ni marekebisho kwa sababu gesi, tofauti na maji, inatanuka ikishuka presha. Kwako ni 0.994, ndogo, haitusumbui leo.

Sasa tuweke namba. Geji yako inasema bar 4. Geji huanza kuhesabu kutoka kwenye hewa inayotuzunguka, nayo hapa pwani ina bar 1.013 hivi. Kwa hiyo gesi ndani ya bomba ina presha kamili ya bar 5.013. Gesi asilia inayofika Dar es Salaam kutoka Songo Songo ni methani tupu karibu yote, na nimechukua gramu 16.5 kwa moli. Kwa nyuzi 30, yaani kelvini 303, densiti inatoka kilo 3.31 kwa mita ya ujazo. Δp ya milibari 100 ni paskali 10,000. Zidisha vyote, unapata kilo 0.328 kwa sekunde, ambayo ni kilo 1,180 kwa saa.

Hizo ni kilo, wewe unasoma mita za ujazo. Mita ipi ya ujazo? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kilo zilezile ukizitandaza kwenye hali ya nyuzi 0 na presha ya hewa ya kawaida, zinajaza mita za ujazo 1,600. Ukizitandaza kwenye nyuzi 15, zinajaza 1,690. Gesi ni ileile. Umebadilisha joto la kuhesabia tu. Tazama mita ya msambazaji: 1,690. Haijakosea hata kidogo. Sahani yako na mita yake ya getini zinakubaliana kabisa, ni kompyuta yako iliyo katikati ndiyo inayochafua.

Nenda kwenye skrini ya mipangilio uangalie hali ya msingi, yaani joto na presha ambavyo kompyuta inatumia kuhesabia mita ya ujazo. Nina hakika kubwa utakuta nyuzi 0, ile inayoandikwa kwa herufi N mbele ya mita ya ujazo. Kompyuta nyingine hutoka kiwandani hivyo, na aliyeiwasha hakuwa na sababu ya kuigusa. Upande wa kuuza gesi, hesabu huwa za hali sanifu, nyuzi 15, au nyuzi 60 za Farenhaiti kwa wanaohesabu kwa futi za ujazo, na hizo mbili karibu ni kitu kimoja. Hapo peke yake zimepotea mita 90 kwa saa. Angalia mkataba wenu wa gesi, ukurasa wa tafsiri ya maneno, kuna mstari unaotaja joto na presha ya msingi. Huo ndio unaotawala bili. Mipangilio ya kompyuta yako haina sauti hapo.

Zimebaki kutoka 1,600 hadi 1,430. Gawanya: 0.894. Kumbuka namba hiyo. Sasa chukua bar 4 ugawe kwa bar 5.013, unapata 0.798. Tafuta kipeuo chake cha pili: 0.893.

Umeona? Transmita yako ya presha ni ya aina ya geji, inatuma 4. Kompyuta inadhani ni presha kamili, inaipokea 4 na kukokotoa densiti ya gesi iliyolegea kuliko ilivyo. Densiti imekosewa kwa asilimia 20, lakini kwa kuwa imo ndani ya kipeuo, mtiririko unakosewa kwa nusu ya hapo, asilimia 10 na ushei. Ni kosa la zamani kuliko mimi na wewe, na linaendelea kufanyika kwa sababu kwenye skrini linaonekana ni sahihi: geji ukutani inasema 4, kompyuta inasema 4, kila mtu ameridhika.

Tiba yake ni dakika mbili. Kwenye mipangilio tafuta mahali pa kuchagua aina ya presha, weka geji, kisha uingize presha ya hewa ya mahali ulipo. Kwa Dar ni 1.013. Usinakili namba hiyo ukihamia bara. Dodoma, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ina kama bar 0.89, na Nairobi ni kama 0.83. Kwenye bar 4 kosa la namna hiyo ni asilimia 1 au 2. Kwenye bomba la presha ndogo, tuseme nusu bar ya kwenda jikoni, linauma kweli.

Kama kompyuta yenu ni ya kizamani na haina mahali pa kuchagua, ongeza 1.013 kwenye skeli ya ingizo: badala ya 0 hadi 10, andika 1.013 hadi 11.013. Si njia ya kujivunia lakini inafanya kazi. Iandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati, ili anayekuja baada yako asifanye marekebisho juu ya marekebisho.

Nilisema sahani iache ilipo, lakini kwa kuwa mmeitoa mara mbili, kuna mambo mawili nataka uyahakikishe. La kwanza ni upande. Sahani nyingi zina mchongo wa mshazari kwenye ukingo wa tundu, na mchongo huo unatakiwa uwe upande wa kutokea. Mkali unatazama gesi inakotoka. Nikiwa kijana kazini niliwahi kufunga moja kinyume, usiku, kwa haraka, huku mwenzangu ananimulikia tochi. Mkia wa sahani, ile sehemu inayochomoza nje ya flanji, ulikuwa na maandishi ya kugongwa kuonyesha upande wa kuingilia, lakini ulikuwa umejaa rangi na mimi sikuikwangua. Wiki nzima tukaripoti matumizi madogo, na meneja akatupongeza kwa kubana gesi. Gesi ilikuwa inateleza kwenye mshazari kwa raha zake, haijibani vya kutosha, Δp inakuwa ndogo, na mita inasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachotoa mfukoni ni kipande cha msasa cha kusafishia mkia.

La pili ni zile sahani za zamani mlizozitoa. Msizitupe. Shika moja karibu na dirisha, ukingo mkali ukutazame, uigeuze taratibu ili mwanga uupige kwa mshazari. Ukingo mzima hauonyeshi kitu, ni mstari mweusi tu. Ukiona uzi mwembamba unaong'aa kuzunguka tundu, basi umeshalika, unarudisha mwanga. Ukingo uliolika kidogo huleta pungufu ya asilimia moja au mbili. Asilimia 15 uliyokuwa nayo isingetoka hapo labda sahani iwe imetafunwa. Halafu weka rula ya chuma juu ya uso wake kupitia katikati. Ukiona mwanga unapenya chini ya rula, sahani imepinda, mara nyingi kwa sababu mtu alifungua vali kwa pupa na presha ikaipiga kofi. Hiyo haitengenezeki, ni chuma chakavu.

Na tafadhali, kutoa sahani si kazi ya kufungua bolti tu. Funga pande zote mbili, toa presha hadi sifuri, pima hewa kwa kifaa cha kugundua gesi, ndipo uguse spana. Najua unajua. Nayaandika kwa ajili ya kijana wako wa mazoezi.

Kuhusu bomba lenyewe hukuniambia kitu, kwa hiyo nitauliza: kona iliyo karibu kabla ya sahani iko umbali gani? Gesi ikitoka kwenye kona inakuja imeegemea upande mmoja, na ile 0.604 haina maana tena. Kwa kona moja ya nyuzi 90 na β ya 0.5, kiwango kinataka urefu ulionyooka wa vipenyo 22 vya bomba kabla ya sahani, kwako ni mita 2 na robo. Kama mngetumia tundu kubwa zaidi, β ya 0.6, ingepanda hadi vipenyo 42. Pengo kubwa kiasi hicho kwa badiliko dogo la tundu, na hapo ndipo wanaotaka tundu kubwa ili kupunguza upotevu wa presha hujikuta hawana nafasi ya bomba. Upotevu wenyewe, kwa faida yako, ni kama milibari 73 kati ya zile 100, hazirudi. Boila zako hazitazihisi.

Tuje usiku. Hili la usiku ni ugonjwa mwingine kabisa, na ningekuwa wewe ningetumia muda mwingi hapa kuliko kwenye sahani.

Mtiririko unakwenda na kipeuo cha Δp. Mchana una milibari 100. Boila moja ikibaki kwenye moto mdogo, tuseme mtiririko umeshuka hadi sehemu moja ya kumi. Δp haishuki hadi milibari 10. Inashuka hadi sehemu moja ya mia, yaani milibari 1. Sasa fikiria transmita yako, ambayo kwa kawaida ya kazi hizi imepangwa 0 hadi 250. Sifuri yake ikiwa imehama kidogo tu, milibari 0.3 kwenda chini, mchana hutaona kitu, ni sehemu ya asilimia. Usiku, kati ya milibari 1 inaiona 0.7, na mita inasoma pungufu kwa asilimia 16. Transmita ni ileile, nayo si mbovu.

Kuna kitu kingine kinachojificha humo. Kompyuta karibu zote zina mpaka wa chini: Δp ikiwa ndogo kuliko kiasi fulani, zinaandika sifuri, ili mita isihesabu gesi wakati bomba limefungwa na transmita inatikisika yenyewe. Mpaka huo ukiwa asilimia 1 ya milibari 250, ni milibari 2.5, sawa na asilimia 16 ya mtiririko wako wa mchana. Chini ya hapo boila inaungua, msambazaji anahesabu, wewe unaandika sifuri. Na mzigo ukicheza karibu na mpaka, mita inaruka: 260, sifuri, 250, sifuri. Nadhani hilo ndilo uliloliita halieleweki.

Angalia sifuri kwanza. Usiiangalie transmita ikiwa mezani, iangalie ikiwa kwenye presha yake ya kazi. Kwenye kile kipande chenye vali tatu kinachounganisha transmita na vibomba vyake, funga vali ya upande wa presha ndogo, kisha fungua ya katikati taratibu. Pande zote mbili sasa zina bar 4 ileile na transmita lazima isome sifuri. Isiposoma, irekebishe hapo hapo. Ukimaliza, funga ya katikati kwanza, ndipo ufungue ile ya presha ndogo. Nimeona mahali ambapo vali ya katikati iliachwa wazi nusu na watu wakatafuta kosa kwa mwezi.

Ukiwa hapo, tazama vile vibomba vyembamba vinavyopeleka presha kwenye transmita. Kwa gesi, vinatoka juu ya bomba na transmita inakaa juu zaidi, ili unyevu wowote urudi chini wenyewe. Kama mtu aliifunga transmita chini ya bomba kwa sababu huko ndiko anakofikia bila ngazi, maji yatajikusanya kwenye mguu mmoja, yaani kibomba kimoja kati ya viwili. Sentimita 10 za maji ni karibu milibari 10. Mchana zinakukosesha asilimia 5, usiku zinakufutia usomaji wote au kukuzidishia mara tatu, kutegemea maji yako mguu upi. Toa maji kwanza, kisha pima sifuri, sio kinyume.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya bei nafuu ni kufunga transmita ya pili sambamba na ya kwanza, hii iwe ya 0 hadi 10 milibari, kompyuta ibadilishe yenyewe mzigo ukishuka. Nyingine ni kukubali kwamba sahani moja na transmita moja inapima vizuri kutoka mtiririko kamili hadi kama theluthi yake, na kwa mizigo ya usiku mfunge mita ya tabaini au ya kuzunguka kwenye mstari wa boila ndogo. Kama mnafanya kazi usiku siku tano kwa wiki, mimi ningechagua ya pili. Kama ni mara mojamoja, transmita ya milibari 10 inatosha.

Jambo dogo la mwisho, kabla hujagusa kitu: hakikisha kipeuo kinatafutwa mara moja tu. Transmita nyingi zinaweza kutafuta kipeuo zenyewe kabla ya kutuma, na kompyuta nayo ikatafuta tena. Kwenye namba zako za mchana halionekani, kwa sababu hesabu imetoka sawasawa, lakini mtu akibadilisha transmita na kuweka mpya iliyopangwa kutafuta kipeuo yenyewe, utalikuta. Dalili yake ni mita inayosoma kubwa mno mzigo ukiwa mdogo na sahihi mzigo ukiwa wa juu kabisa.

Kwa hiyo leo badilisha hali ya msingi iwe nyuzi 15 na aina ya presha iwe geji yenye hewa ya 1.013. Mzigo ukiwa uleule wa milibari 100, mita yako inatakiwa ifike jirani na 1,690. Ikikosea kwa asilimia moja au mbili, usihangaike. Hapo ndipo mita mbili nzuri huishi. Kisha usiku, moto mdogo ukiwa umetulia, andika kwa dakika ileile Δp, presha, joto, na usomaji wa mita ya getini, mara tatu kwa nafasi ya robo saa, na upime pia umbali wa ile kona. Ukiniletea namba hizo nitakuambia kama transmita ya pili inahitajika au maji tu yamekuchezea.